MAMBO YA NYUMBANI: Jumamosi ya Kuhesabu Magunia

Krismasi ina siku yake, nayo yajulikana hata na mtoto mdogo asiyeweza kusoma kalenda. Lakini Jumamosi ya mwisho inayoitangulia haina jina, ijapokuwa katika nyumba nyingi ndiyo siku yenye shughuli kuliko zote za mwaka. Siku hiyo baba yuko nyumbani, watoto wako nyumbani, mazao yako nyumbani, na fedha kidogo iliyopatikana haijatoka mfukoni. Yatakayotendwa kwa fedha hiyo na mazao hayo kabla ya jua kutua ndiyo yatakayoonekana mezani tarehe 25 Desemba. Tena ndiyo yatakayoonekana shule zitakapofunguliwa mwezi wa Januari.

Mfano mzuri ni nyumba moja ya Trans Nzoia, mwendo mfupi kutoka mji wa Kitale, upande unaoutazama Mlima Elgon. Nchi hiyo ni nchi ya mahindi. Kitale ndipo ilipoanzishwa kampuni ya mbegu mwaka 1956, na tangu miaka ya 1960 mahindi chotara yameenea katika mashamba ya wakulima wakubwa kwa wadogo. Mahindi ya huko hupandwa Machi au Aprili, nayo huvunwa tangu Oktoba hata Desemba. Ndiyo sababu Krismasi humkuta mkulima wa Trans Nzoia ghala lake limejaa, hali mwenziwe wa Ukambani bado anayatazama mahindi ya mvua za vuli yakiwa shambani.

Katika nyumba hiyo mnaishi watu saba. Baba ni karani wa afisi moja mjini. Mama ndiye mkulima, naye ndiye anayelijua kila tuta la shamba lao la ekari mbili. Yupo nyanya, mama yake baba, ambaye macho yake yamepungua nguvu lakini masikio hayajapungua. Na wapo watoto wanne: binti mkubwa aliyepata nafasi katika shule ya bweni, mvulana anayemfuata, na wadogo wawili ambao kwao Krismasi ni chapati na viatu.

Mwaka huo shamba lilikuwa limetoa magunia 30. Magunia 26 yalikuwa yamekwisha kushonwa na kupangwa juu ya mbao, mbali na ukuta ili unyevu usiyapate. Manne ya mwisho yalikuwa bado juani. Asubuhi mama hakuruhusu turubai lifunuliwe upesi, kwa maana umande wa Desemba katika nchi ile ya baridi hukaa majanini hata saa tatu. Jua lilipokwisha kupanda, mvulana alifunua mahindi na kuanza kuyatandaza. Na alipoona turubai halitoshi, akamwaga yaliyobaki juu ya udongo mtupu wa uwanja.

Nyanya alisikia mlio wa punje zikianguka chini, akamwita.

"Mjukuu wangu, hayo unamwanikia nani?"

"Ni yetu, nyanya."

"Basi yaokote. Chakula cha watu hakianikwi mahali pa kuku."

Neno la mzee huyo lina sababu iliyo kubwa kuliko uchafu wa kuku. Mahindi yanayolala juu ya udongo hunywa unyevu wake, na mahindi yenye unyevu huota kuvu. Kuvu nyingine hutoa sumu, iitwayo sumukuvu au aflatoksini, ambayo haiondoki kwa kupikwa. Mwaka 2004 sumu hiyo iliwapata watu 317 katika sehemu za mashariki ya Kenya, hasa Makueni na Kitui, na 125 kati yao walikufa. Hawakula kitu kigeni; walikula ugali wa mahindi yaliyowekwa kabla ya kukauka. Mama aliwaeleza watoto jambo hilo hapo uwanjani bila kupandisha sauti, na mvulana akapiga magoti akaokota punje zote, akaenda kuazima turubai la pili kwa jirani.

Binti mkubwa alikuwa na kazi yake. Alichukua chupa kavu ya kioo, akatia mahindi kadiri ya theluthi moja, akaongeza vijiko vitatu vya chumvi iliyokaushwa vizuri, akafunga na kutikisa kwa muda wa dakika moja, kisha akaiacha itulie kwa dakika 15. Njia hii yafundishwa na maafisa wa kilimo, wala haina gharama. Chumvi ikishikamana na kioo, mahindi bado yana maji mengi. Isiposhikamana, unyevu umeshuka chini ya asilimia 15 hivi, nayo yahitaji jua kidogo tu kufikia asilimia 13.5, kipimo kinachotakiwa kwa mahindi ya kuweka. Ya kwenye turubai yaliacha chumvi nyeupe ukutani mwa chupa. Ya magunia yaliyokwisha kushonwa hayakuacha kitu. Binti akaandika yote mawili katika daftari.

Wakati huo baba alikuwa nyuma ya nyumba akitengeneza mlango wa choo, kwa sababu wageni walikuwa njiani na bawaba moja ilikuwa imeng'oka tangu Agosti. Watoto wadogo walikuwa wakichota udongo wa kusiriba jiko la nyanya. Udongo huo huchanganywa na samadi ya ng'ombe na maji, ukapakwa kwa mikono, na ukikauka ukuta huwa laini kama sahani. Nyumba kubwa ilikuwa ya mabati na saruji, haikuhitaji kusiribwa. Lakini nyanya alisema kwamba hajapata kuingia Krismasi na jiko lenye nyufa, na hakuna aliyebishana naye.

Saa tano ikaja pikapiki, na juu yake dalali wa mahindi. Nyuma yake, barabarani, lori lake lilikuwa likingoja. Alisalimia kwa adabu, akanywa chai aliyopewa, kisha akasema kwamba alihitaji magunia 20 ili lori lijae, na kwamba angelipa papo hapo kwa simu, bila deni.

"Mzee, leo ni leo," alisema. "Baada ya sikukuu sijui kama nitarudi."

Baba alifurahi. Alikuwa na sababu zake. Wanaume kumi na wawili wa kijiji walikuwa wamepatana kununua fahali wa Krismasi na kugawana nyama, na yeye alikuwa bado hajatoa fungu lake. Mdogo wake alikuwa anakuja kutoka Nairobi pamoja na mke na watoto. Binti alihitaji sanduku, godoro, sare na karo. Magunia 20 yangeondoka mchana ule, na mambo hayo yote yangepata jibu kwa siku moja. Akamtazama mkewe.

"Mama watoto, waonaje?"

"Naona chakula cha mchana kiko tayari," mama alijibu. "Mgeni wetu na aende kwa majirani kwanza. Saa tisa akirudi, atapata neno letu."

Dalali hakupenda, lakini alikwenda.

Mambo mengi ya nyumbani huharibika hapo. Baba huuza kwa kuwa fedha inatakiwa, mama hunyamaza kwa kuwa kuna mgeni, na mwezi wa Machi kila mmoja humwuliza mwenziwe magunia yalikwenda wapi. Katika nyumba hii walikula ugali na sukuma wiki, meza ikafutwa, kisha mama akaweka punje 30 za mahindi mbele ya watu wote, watoto na nyanya wakiwamo. Kila punje ilikuwa gunia moja la kilo 90.

Kwanza alizitenga punje saba. Watu wengi hukadiria kwamba mtu mmoja hula kama gunia moja kwa mwaka, naye hakutaka kununua unga dukani mwezi wa Juni, wakati ghala za majirani wote zinapokuwa tupu. Akatenga punje moja kwa ajili ya wageni na misiba, kwa sababu matanga hayaombi ruhusa. Akatenga mbili za kuwalipa vibarua waliovuna na mwenye mashine ya kupukuchua, ambao walikuwa wameahidiwa malipo kabla ya Krismasi. Akatenga sita za mbegu na mbolea, kwani shamba lisilolishwa Machi halilishi mtu Desemba. Halafu akamwambia binti asome alichoandika katika daftari juu ya shule. Karo, sare, godoro na sanduku vikachukua punje tisa.

Punje tano zikabaki mezani.

Baba alizitazama kwa muda. Kisha akasema kwamba mshahara wake ulikuwa umekwisha kuingia jana, Ijumaa tarehe 19, na kwa hiyo hali haikuwa mbaya kama meza ilivyoonyesha. Binti aliomba ruhusa ya kusema, akahesabu kwa sauti: kutoka tarehe 19 Desemba hadi tarehe 31 Januari, mshahara mwingine utakapokuja, ni siku 43. Mshahara uliozoea kulisha siku 30 utalisha siku 43. Maana yake ni kwamba nyumba iliyozoea kutumia shilingi 10 kwa siku sasa itumie shilingi 7 tu, na Krismasi iko ndani ya hesabu hiyo.

Kila karani na ayafikirie maneno ya binti huyo. Mshahara wa Desemba ukitolewa mapema huonekana kama zawadi, nao si zawadi. Ni fedha ile ile ya mwezi iliyotangulia njiani. Wakenya wameugeuza mwezi wa Januari jina kwa mzaha, wakauita Njaanuari, lakini mzaha huo hupikwa Desemba.

"Basi na yale ya karo?" baba akauliza. "Hayawezi kungoja bei ipande."

Swali hilo lilikuwa la haki. Bei ya mahindi huwa chini wakati wa mavuno kwa sababu kila mtu anauza, na mara nyingi huanza kupanda ghala zinapopungua, karibu na Mei na Juni. Lakini karo hudaiwa Januari, na mwalimu mkuu hawezi kulipwa kwa matumaini. Tena si kila mwaka bei hupanda: mahindi ya Uganda yakiingia kwa wingi kupitia Suam na Malaba, au serikali ikiruhusu mahindi kutoka ng'ambo, aliyengoja huweza kupata hasara. Mama alikuwa amekwisha kuulizia. Shule ile, kama zilivyo shule nyingine, hupokea mahindi kwa ajili ya jiko lake na kuyahesabu kuwa sehemu ya karo. Magunia manne yangekwenda shuleni moja kwa moja, bila dalali kuyaona. Matano yangeuzwa juma la kwanza la Januari. Sita ya mbolea na mbegu yangetiwa katika mifuko isiyopitisha hewa, ambamo dumuzi hufa kwa kukosa pumzi, yakangoja Machi.

"Na fahali?" baba aliuliza, safari hii kwa sauti ya chini.

Hakuna aliyecheka. Mtu aliyekwisha kutoa neno lake mbele ya wenzake hawezi kulirudisha bila aibu, na mama alilijua hilo vizuri kuliko yeyote. Alizisukuma punje mbili kati ya zile tano upande wa mumewe.

"Fungu lako litoe. Lakini mbuzi wa mdogo wako tusimchinje. Nyama ya fahali itatosha, na kuku wawili wapo."

Nyanya, aliyekuwa amenyamaza muda wote, akasema, "Mwanangu, zamani Krismasi ilikuwa chai yenye sukari, na tuliimba hata kuku wakawika." Akasimama akaenda kuangalia ukuta wake kama umekauka.

Saa tisa dalali alirudi. Aliposikia kwamba ni magunia saba tu yatakayouzwa, yaani matano ya sikukuu na mawili ya vibarua na mashine, alisema kwamba kwa magunia saba bei lazima ishuke, kwani lori haliendi nusu tupu. Kumbe mama alikuwa amepita kwa jirani wa kulia na jirani wa kushoto wakati mvulana aliporudisha turubai. Mmoja alitaka kuuza manane, mwingine matano. Yote pamoja yakawa 20, na yote yangepimwa uwanja mmoja, kwa mizani ya kikundi cha akina mama, mbele ya macho ya nyumba tatu.

Dalali aliitazama mizani, akautazama umati mdogo, akasema kwamba sharti apunguze kilo mbili katika kila gunia kwa sababu ya unyevu. Binti akaleta chupa yake. Akaitikisa mbele yake, akampa aishike. Chumvi yote ilianguka chini pamoja na mahindi, na kioo kikabaki safi. Dalali akachukua punje moja, akaiuma. Ilikatika kwa mlio mkavu. Akatabasamu, kwa maana alikuwa mfanyabiashara wala si mwizi, akasema, "Mama, huyu binti mpeleke shule," na akalipa kilo zote.

Magunia yalipokuwa yakipakiwa, simu ililia. Alikuwa mdogo wake baba, akiuliza kama apande basi la usiku, kwa kuwa nauli ya mchana imepanda sana kama ilivyo desturi ya juma la Krismasi. Baba alimkataza. Alimkumbusha ajali ya Migaa ya usiku wa kuamkia tarehe 31 Desemba 2017, basi lilipogongana na lori na watu 36 wakapoteza maisha. "Njoo na jua," alimwambia. "Nauli tutasaidiana, chapati zitakungoja." Mdogo wake akasema kwamba basi yeye ataleta unga wa ngano, mafuta na sukari, asiachiwe kaka yake mzigo wote. Mama aliposikia hayo aliitoa ngano katika orodha yake ya dukani, akaandika viatu mahali pake.

Viatu hivyo vilikuwa jambo la mwisho la siku. Watoto wadogo walikuwa wameuliza mara tatu tangu asubuhi, na kila mara waliambiwa wangoje. Jioni, baada ya turubai kukunjwa kabla ya umande, na baada ya watu kuoga na nguo za kanisani kupigwa pasi, baba aliwaita akawaeleza kwa ukweli. Viatu vitanunuliwa Jumatatu. Vitakuwa vyeusi, vya kufunga kwa kamba, vikubwa kidogo kuliko mguu. Vitavaliwa siku ya Krismasi kwa mara ya kwanza, na siku ya kufungua shule kwa mara ya pili. Mdogo kabisa alifikiri kidogo, akauliza kama inaruhusiwa kuvivaa pia tarehe 26. Akaruhusiwa.

Si kila nyumba ina magunia 30. Nyingine ina matano. Nyingine, iliyo katika chumba cha kupanga mjini, haina hata moja, ila ina bahasha ya mshahara na deni la dukani. Hesabu ni ile ile. Punje za mahindi, maharagwe au vijiti vya kiberiti vyaweza kusimama mahali pa shilingi, na meza yoyote inatosha. Jambo la lazima ni kwamba hesabu ifanywe kabla ya kununua, wala si baada yake, na ifanywe mbele ya wote watakaoishi nayo: aliyeleta mshahara, aliyelima, mzee, na mtoto ambaye karo ni yake. Mtoto aliyeona punje tisa zikitengwa kwa ajili yake hatalia kwa kukosa gauni jipya. Mume aliyeona punje saba za chakula hatauza la nane gizani. Na mke aliyemwachia mumewe fungu la fahali atamwona akiketi na wenzake siku ya sikukuu bila kuinamisha kichwa.

Akiba haiozi, wahenga walisema. Lakini mahindi huoza yasipokaushwa, na fedha huoza isipohesabiwa. Jumamosi moja inatosha kwa kazi zote mbili. Jumamosi hiyo usiku, nyanya alilala katika jiko lake lenye harufu ya udongo mpya, na magunia 23 yalikuwa yamesimama juu ya mbao, kila moja likiwa na kazi yake iliyoandikwa katika daftari la binti.